Dobi Aliyetaka Kukopesheka

Dobi tunayemsimulia hapa alikuwa na maadui wawili duniani: wino na deni. Wino alipambana nao kwa limau, chumvi na subira, na mara nyingi alishinda. Deni hakutaka hata kulikaribia. Juu ya meza ya kupokelea nguo alibandika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MKOPO AMEFARIKI. MAZISHI YALIKUWA JANA. Wateja walicheka, wakatoa pesa, na mwishowe wakambandika jina la Mkononi, maana ukimuuliza bei ya koti alikutajia kiasi kisha akaongeza, "Mkononi."

Usidhani jina hilo lilimkera. Alitembea nalo kifua mbele. Kila kitu maishani mwake alikinunua kwa pesa taslimu: mapipa ya kulowekea, mashine ya kufulia, pasi zake zote, hata pete aliyomvisha mkewe. Akiwa hana, hanunui, basi. Kuna kipindi nyumba ilikaa miaka bila friji kwa sababu hiyo, na mkewe alipolalamika kwamba maziwa yamechacha, alijibiwa kwamba maziwa yaliyochacha nayo ni maziwa. Watu walisema ni ubahili, naye akawaacha waseme.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, na tabia yake ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa na kadi ya mkopo tangu kabla ya kumzaa kitinda mimba wao, ambaye sasa ameshaota ndevu. Viatu vya shule, dawa, tiketi za kwenda kumwona mama yake, vyote vilipitia kwenye ile kadi, na kila mwezi alilipa yote aliyodaiwa, kimyakimya, kisha akaanza upya. Mumewe alimwita Waziri wa Madeni. "Waziri wa Madeni ameamkaje leo?" angemuuliza asubuhi, tena mbele ya wageni. Mkewe alicheka mara ya kwanza, na mara ya pili. Baada ya hapo alikuwa anatabasamu tu, na mwanamume asiyejua kutofautisha kicheko na tabasamu la namna ile ana mengi ya kujifunza.

Siku moja bibi mwenye nyumba aliingia dukani bila nguo mkononi. Akaketi kwenye benchi la wateja, akasugua magoti yake, akasema, "Mkononi, mimi nauza."

"Unauza nini, bibi?"

"Hapo uliposimama."

Pasi ilibaki hewani. Bibi akaeleza taratibu. Magoti hayapandi tena ngazi, binti yake anamjengea chumba kwake, na duka hili pamoja na ua wake atalazimika kuliuza. "Wewe nakupa nafasi ya kwanza," alisema, "umenifulia shuka tangu mume wangu yu hai. Chumba changu kwa binti bado kabisa, wanajenga kwa kudunduliza. Nitakusubiri mpaka kiishe. Kikiisha, nitamuuzia yeyote mwenye pesa, na usininunie."

Aliyesikia habari hii kwa mbali angesema duka ni duka, dobi atahamia jingine. Hajui kazi ya udobi. Duka lile lilikuwa na tangi kubwa chini ya sakafu, mtaro wa kutolea maji usioziba, na nyuma yake ua ambao jua liliingia asubuhi likakaa mpaka alasiri bila kuzuiwa na ghorofa la mtu. Alikuwa ameutafuta ua wa namna hiyo ujana wake wote. Bila jua na bila maji, dobi ni mtu mwenye pasi tu. Na umri aliokuwa nao haukuwa wa kuanza kutafuta tena.

Basi akafunga duka mapema, akavaa koti lake zuri, akaenda benki kuomba mkopo wa kununulia. Ndiyo, mkopo, yeye mwenyewe. Njiani alijikaza kisabuni. Alijiambia kwamba duka si friji, na kwamba mtu aliyeishi safi namna yake atapewa pesa kwa mikono miwili.

Afisa wa mikopo alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole. Alimwamkia, akamkaribisha kiti, akaandika namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta, akangoja. Akasogeza uso kwenye kioo. Akaandika tena.

"Mzee wangu, hapa sioni kitu."

Mkononi akatabasamu. "Na hutaona, binti yangu. Sijawahi kudaiwa hata senti."

"Sasa hilo ndilo tatizo, mzee."

"Tatizo?"

"Kompyuta haijui kama wewe ni mwaminifu au la. Inawajua watu waliopewa wakarudisha, na waliopewa wakakimbia. Wewe hujawahi kupewa. Huna alama za mkopo, si nzuri wala mbaya. Ni kama ndiyo kwanza umezaliwa leo asubuhi."

"Na hili koti nimezaliwa nalo?"

Msichana akacheka, lakini hakubadili neno. Alimweleza la kufanya. Achukue kadi ya mkopo, aitumie kidogo kila mwezi, alipe yote kwa wakati, na awe na subira. Alama hujengwa polepole, alisema, na hakuna njia ya mkato. Akampa vipeperushi vya kadi za kila aina, vinang'aa, vina harufu ya karatasi mpya.

Mkewe aliposikia habari hizi alicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti. Kisha akafuta macho, akapangusa meza, na wawili hao wakavitandaza vile vipeperushi chini ya taa. Mkono wa dobi ulikwenda moja kwa moja kwenye kadi ya dhahabu.

"Hii inakupa safari za ndege," alisema.

"Unasafiri kwenda wapi, baba watoto?"

"Sijui. Lakini zipo."

"Ada ya mwaka umeiona? Soma hapo chini, kwenye maandishi madogo."

Akasoma. Akairudisha mezani taratibu. Ya pili ilikuwa ya duka kubwa la samani, inatoa punguzo, lakini riba yake ilikuwa ya kuua mtu, na haikutumika popote isipokuwa palepale. Ya tatu iliahidi zawadi kwa wiki sita za kwanza, halafu ikanyamaza kuhusu wiki zinazofuata. Mkewe alizipitia kama anavyopitia vyeti vya wagonjwa, bila haraka na bila kuoneana aibu na mtu.

"Usichague ya kukupendeza," alimwambia. "Chagua ambayo utaweza kuzeeka nayo. Haina ada, haikuingizi tamaa, na huna sababu ya kuiacha."

Iliyobaki ilikuwa kadi ya rangi ya kijivu, haina hata picha. Ilikuwa ya wanaoanza. Unaweka benki akiba yako kama dhamana, na kadi inakuruhusu kutumia mpaka kiasi hichohicho.

"Ngoja nielewe," alisema dobi. "Naweka pesa yangu. Halafu najikopesha pesa yangu. Halafu nawalipa wao kwa pesa yangu."

"Ndiyo."

"Na aliyebuni kitu hiki hajafungwa?"

Aliichukua hata hivyo. Siku ya kwanza alipoitumia, kwenye duka la jumla la sabuni, alitazama kushoto na kulia kama mtu anayenunua kitu cha aibu. Muuza sabuni, ambaye amepokea noti zake miaka nenda miaka rudi, aliitazama kadi, akamtazama yeye. "Mkononi, vipi leo? Mkono umevunjika?"

Alibeba sabuni yake akatoka. Na kwa kuwa hakuweza kulala na deni, alasiri ileile alikwenda benki akalilipa. Mwezi uliofuata vilevile. Asubuhi sabuni, alasiri malipo. Miezi ilipita hivyo, yeye akijiona ameshakuwa mkopaji hodari, mpaka yule msichana wa miwani alipofungua taarifa zake na kukuta kila mwezi imeandikwa sifuri.

"Mzee wangu, unalipa kabla hata deni halijaandikwa. Acha taarifa ya mwezi itoke kwanza. Deni lionekane, halafu ulilipe lote kabla ya tarehe ya mwisho."

"Yaani nikae nalo?"

"Ukae nalo kidogo tu."

Kukaa na deni la sabuni kwake ilikuwa ni kama kukalia msumari. Alikuwa akipiga pasi, ghafla anasimama katikati ya mkono wa shati. Alikuwa akila, anaacha kutafuna. Mkewe alimwonea huruma kwa dhati, na tangu hapo, bila kuambiwa, taarifa ilipotoka alikuwa anaiweka kando ya sahani yake ili alipe na apumue. Hakumwita jina lolote. Angeweza kabisa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Muda ukaenda, na alama zikaanza kupanda. Hapo ndipo kichwa cha dobi kilipovimba. Baada ya mwaka na ushei benki ikampa kadi ya pili, yenye kikomo kikubwa zaidi, inarudisha sehemu ndogo ya kila unachonunua, nayo haina ada. Sasa aliwahubiria wateja. Mtu alileta suruali yenye doa la mafuta, akaondoka na somo la riba. Kile kibao chekundu alikigeuza upande wa pili, akakitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Nyumbani alianza kumweleza mkewe mambo ya kadi, mkewe ambaye alijua mambo hayo tangu yeye akilipia maziwa yaliyochacha kwa pesa taslimu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo nalo ni penzi, kama hukuwahi kuliona.

Chumba cha bibi kule kwa binti yake kikapauliwa. Bado rangi na vioo. Dobi akajua wakati wake wa kuomba mkopo umekaribia, akaanza kujiweka sawa, kama anavyoweka sawa kabati lake kabla ya sikukuu. Na kabati la dobi, kwa taarifa yako, lina sheria moja: nguo iliyokwisha kazi haikai humo. Imefuliwa, imepigwa pasi, inakwenda kwa mwenyewe. Hakuna kinachomuudhi dobi kama kitu cha mtu kuganda kwenye rafu yake bila sababu. Akaitazama kadi ya kijivu. Ilikuwa imemfundisha, imemfikisha, na sasa ana nyingine iliyo bora. Ya nini kuendelea kukaa na kitu cha watu?

Hakumwambia mtu. Aliiosha kwa sabuni laini, akaikausha, akaitia kwenye bahasha aliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, akaipeleka tawi la benki lililo jirani na sokoni. Karani akamuuliza kama ana uhakika. "Ninao," alisema. "Wapelekee shukrani zangu. Imenitendea wema." Karani akaikata vipande viwili, akamrudishia dhamana yake. Kwa ile dhamana hakununua kitu, aliitunza kwa ajili ya duka. Mota ya mashine ya kufulia ilipokufa wiki ileile, alinunua mpya kwa kadi ya pili, karibu kikomo chote, akijua kabisa atailipa kwa wakati. Alirudi nyumbani mwepesi, akala vizuri.

Siku ya maombi msichana wa miwani alikuwa na furaha kama yeye. Alifungua kompyuta akitabasamu, na tabasamu likaondoka taratibu.

"Mzee, ile kadi ya kwanza iko wapi?"

"Nimeirudisha."

"Nani alikuambia urudishe?"

"Kitu cha watu, ukimaliza nacho, unarudisha. Hata mtoto anajua."

Msichana akavua miwani. Akaeleza, naye dobi akaelewa kila neno, na hilo ndilo lililomuumiza. Kadi ile ndiyo iliyokuwa kongwe zaidi, ndiyo iliyosema anajulikana tangu lini. Kuiondoa kumeifupisha habari yake. Na sasa kwa kuwa kikomo kilichobaki ni cha kadi moja, ambayo ameijaza kwa mota, anaonekana ni mtu aliyebanwa, anayekopa mpaka mwisho. Alama zimeanguka. Si kwa kishindo, lakini mstari wa kukubaliwa mkopo upo hapa na yeye yupo chini yake. Zitapanda tena, baada ya miezi kadhaa, Mungu akipenda.

"Sina miezi kadhaa," alisema dobi.

Hakuwa nayo. Juzi tu bibi alikuwa amemwambia kwamba kuna mfanyabiashara wa simu ameshakuja mara mbili, anataka kuufunika ule ua kwa mabati aufanye ghala, na pesa anayo. Chumba chake kitakwisha mwisho wa mwezi, na anampa dobi mpaka hapo. Alilisema hilo kwa huzuni, lakini alilisema.

Msichana akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani tu. "Mama nyumbani, yeye ana kadi?"

 "Anayo."

"Tangu zamani?"

"Zamani sana."

"Huwa anachelewa kulipa?"

Alifikiri, kwa haki kabisa. "Sijawahi kumwona akichelewa kitu chochote."

"Na ana mshahara. Basi mzee, kama ni hivyo, mwambie yeye aombe, wewe uwe mwombaji wa pili. Sitaki kukuahidi, lakini mtu wa namna hiyo huwa hatumkatalii."

Alitembea kwenda nyumbani badala ya kupanda gari. Nataka nimtetee hapa, maana mpaka sasa tumemcheka vya kutosha. Haikuwa kwamba anaona aibu kusaidiwa na mwanamke. Mkewe alimsaidia kila siku, na alijua. Kilichomlemea ni kwamba katika maisha yao yote hakuwahi kumwomba. Yeye alipokea tu alichopewa, kisha akakirudisha kwa namna fulani upesi, ili asibaki chini ya mtu. Mkewe akimpikia, yeye anaosha vyombo kabla havijapoa. Mkewe akimshonea kifungo, jioni hiyohiyo viatu vyake vya kazini vinang'aa. Majirani walimsifu mke kwa kupata mume wa hivyo. Hakuna aliyemuuliza mke anaonaje.

Alimkuta ametoka zamu, miguu yake ameitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, macho ameyafumba. Dobi akabaki amesimama mlangoni, koti zuri mwilini. Akamweleza yote bila kuficha: bahasha, mota, mstari, mtu wa simu. Mkewe hakufumbua macho mpaka alipofika mwisho.

"Kwa nini hukuniambia kabla ya kuirudisha?"

Ndipo akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alipofariki, waombolezaji wangali wamekaa, alikuja mtu asiyemjua na wachukuzi wawili. Akasema marehemu alikuwa anadaiwa, akaonyesha karatasi, na wale wachukuzi wakaingia ndani wakatoa kitanda. Kitanda cha baba yake kilipitishwa katikati ya watu, na kwa kuwa kilikwama mlangoni, yeye, mtoto wa darasa la nne, ndiye aliyeambiwa ashike mguu mmoja wakigeuze. Alikishika. Alisaidia kukitoa.

"Nilisema mimi hakuna atakayeingia kwangu kuchukua kitu," alisema. 

 Machozi yalimlengalenga mkewe, lakini aliongea kwa sauti yake ya wodini, ile ya kuwaambia wazazi mambo yalivyo. "Mama yako alikuwa anajua habari za deni hilo?"

"Hakujua. Baba hakumwambia mtu."

"Unaona?" alisema mkewe. 

Dobi akavua koti. Akalikunja vibaya, yeye, akalitupa kitini. Akachuchumaa mbele ya lile beseni mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mama watoto, nina shida. Naomba uniazime jina lako."

"Sema tena."

"Naomba uniazime jina lako. Langu halitoshi."

Kabla mkewe hajajibu, dobi aliogopa kuliko siku zote alizowahi kuogopa taarifa ya mwezi. Aliona kwamba anaweza kukataliwa, na kwamba itakuwa haki.

"Kesho nina zamu ya mchana," mkewe alisema. "Asubuhi twende wote benki."

 Kisha mkewe akamuuliza, kwa sauti ya mteja kabisa, kidevu juu, "Na utanirudishia lini?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa na wateja kuhusu nguo zao kila siku ya kazi maisha yake yote, na kila mara alikuwa na jibu tayari. Alifungua mdomo ataje siku. Akatafuta, hakuiona. Alichokuwa ameomba na alichokuwa anapewa hakikuwa na siku ya kurudishwa.

"Sitaweza kurudisha," alisema.

"Basi sasa ndiyo umekopa," alisema mkewe, akamshika kichwa kwa mikono miwili.